Pindo

Mtu wa kwanza kuniuliza alikuwa jirani yetu wa Kimara, mama mwema aliyekuja na uji wa mchele kwenye chupa ya chai na hakutaka kukaa. Alinishika mkono, akanipa pole, akageuka kuutazama mlango kama anayehakikisha hakuna anayesikia, kisha akauliza: "Alibatizwa?"

Nikamwambia hapana.

"Mungu ni mwema," akasema, lakini kwa sauti ile tunayoitumia kwa mgonjwa ambaye madaktari wamesema arudishwe nyumbani.

Mwanangu aliishi siku tatu. Alizaliwa Jumatano jioni kwa upasuaji, mimba ikiwa na wiki 30, uzito wake kilo moja na gramu 200, akafariki Jumamosi kabla ya adhana ya alfajiri. Padri wa kuhudumia wagonjwa alikuwa anakuja Jumapili. Hakuna siri nyingine katika jambo hilo. Mimi nililazwa ghorofa ya chini pamoja na wanawake wengine wenye mishono, yeye alikuwa juu, wodi ya watoto njiti. Nilipandishwa kwa kiti cha magurudumu mara nne. Mara ya tatu nesi alinifungua vifungo vya gauni, akamlaza kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja kwa kanga. Tulikaa hivyo dakika kama arobaini. Sikusali. Nilikuwa nahesabu pumzi zake.

Alizikwa siku ileile aliyofariki, saa kumi jioni. Walikwenda wanaume watano, mume wangu akiwa mmoja wao, na mimi nikiwa bado kitandani. Kwetu, kama ilivyo kwa watu wengi wa nchi hii, kichanga hakiwekewi matanga. Hakuna turubai, hakuna viti vya kukodi, hakuna daftari la rambirambi. Wazee wanasema ni kumhurumia mama, asije akaufungua moyo wote kwa msiba mdogo akakosa wa kufungulia misiba mikubwa. Huenda wana hoja. Niliporudi nyumbani Jumatatu nyumba ilikuwa imedekiwa, na beseni jipya la kumwogeshea mtoto lilikuwa limeondolewa. Mpaka leo sijauliza lilikwenda kwa nani.

Wageni walikuja mmoja mmoja, wakaniambia yale yanayosemwa. Bado mdogo, utazaa mwingine. Mungu amempenda zaidi. Sasa una malaika wako mbinguni. Hili la mwisho lilinichosha kuliko yote, kwa sababu hata katekisimu niliyofundishwa nikiwa darasa la nne inasema malaika ni malaika na binadamu ni binadamu, na mimi sikuzaa malaika. Nilizaa mvulana mwenye masikio ya baba yake.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili wa Uzamili wa Historia, na tasnifu yangu ilihusu wakunga wa Kagera katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Najua inavyosikika. Mada niliichagua kabla sijashika mimba, na msimamizi wangu aliniambia kwa upole kwamba naweza kuibadilisha. Sikutaka. Ilinibidi nisafiri kwenda Bukoba mara tatu mwaka ule, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka stendi ya Mbezi, siku nzima na sehemu kubwa ya usiku. Ndani ya basi ndipo nilipoanza kusoma kuhusu mwanangu.

Nasema "kuhusu mwanangu" ingawa hakuna kitabu hata kimoja kinachomtaja. Nyumbani sikuweza kusoma vitabu hivyo, kwa sababu mume wangu angeniangalia ninavyovisoma. Maktaba nilikuwa na kazi ya tasnifu. Lakini kwenye basi mtu aliyefungua kitabu huachwa na kitabu chake. Muuza dawa ya meno atahubiri kuanzia stendi hadi Kibaha, runinga itaonyesha filamu ya mke aliyerogwa na mawifi, mtoto wa kiti cha nyuma atatapika, na wewe hapewi pole na mtu. Unafuta machozi, jirani anadhani ni vumbi la Manyoni.

Safari ya kwanza nilibeba Maungamo ya Mtakatifu Augustino, nakala ya Kiingereza iliyobanduka jalada, niliyoinunua kwa wauza vitabu wa mitumba pale Posta. Nilimchagua kwa sababu nilikuwa nimeambiwa kwamba ndiye chanzo cha swali la jirani yangu. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo uko Algeria. Mwafrika, ingawa sanamu za makanisani hazikuambii hivyo. Kabla hajawa mtakatifu alikuwa na mwanamke ambaye jina lake halitaji popote, na mwanamke huyo alimzalia mtoto wa kiume. Wakamwita Adeodatus, yaani aliyetolewa na Mungu. Baba na mwana walibatizwa pamoja Milan, Pasaka ya mwaka 387. Miaka michache baadaye kijana akafa, hajafika hata ishirini.

Nilisubiri ukurasa wa kifo hicho tangu Chalinze. Nilipoufikia tulikuwa tumeshapita Dodoma, na haukuwa ukurasa, ni mistari michache tu. Anasema kwamba Mungu alimtwaa mapema, na kwamba yeye baba anamkumbuka bila hofu yoyote juu yake. Mama yake Augustino, Monika, anapata kurasa na kurasa za machozi. Kijana anapata utulivu.

Nilikifunga kitabu. Nje kulikuwa na mawe yale makubwa ya Singida yaliyopandiana kama mtu aliyaweka kwa makusudi. Nikaelewa utulivu ule ulitoka wapi. Wa kwake alikuwa amebatizwa.

Kwa maana Augustino huyohuyo, alipozeeka na kugombana na wafuasi wa Pelagio, alifundisha kwamba mtoto anayekufa bila ubatizo hawezi kuingia katika ufalme wa mbinguni, na kwa kuwa hakuna mahali pa katikati, basi ataadhibiwa. Ila adhabu yake itakuwa nyepesi kuliko zote. Nilijaribu kuifikiria adhabu nyepesi inayolingana na mtoto wa kilo moja na robo kasoro. Sikuweza. Mtu aliyeandika maneno hayo hakuwa katili, nimemsoma vya kutosha kulijua hilo. Alikuwa na hoja, na hoja yake ilihitaji kila kipande kikae mahali pake, hata kipande kidogo kiasi kile.

Wanateolojia wa Zama za Kati waliona haya. Wakawatafutia watoto hao mahali pao, pasipo na moto wala maumivu, lakini pasipo kumwona Mungu. Wakapaita limbo. Neno la Kilatini walilolichukua, limbus, maana yake ni ukingo wa vazi, pindo. Nililiangalia neno hilo kwenye simu, mtandao ukikatikakatika kule Igunga, na nikaiona kanga yangu. Kila anayevaa kanga anajua ina sehemu tatu: mji, ambao ni katikati yake, jina, ambalo ni maneno yake, na pindo linalozunguka. Watoto wetu walipewa pindo. Hawakutupwa nje ya kanga, hilo niwe mkweli, lakini mji haukuwa wao.

Kanga niliyofungwa naye ninayo. Sitaandika hapa maneno yaliyo kwenye jina lake, kama nisivyoandika jina la mtoto.

Safari ya pili nilikuwa na makaratasi niliyopewa na mume wangu. Yeye ni Mlutheri; ndoa yetu ilichukua vikao vingi kuliko mahari. Ni mtu wa maneno machache, na baada ya msiba yakapungua zaidi, lakini usiku wa kuamkia safari aliweka juu ya begi langu kurasa alizozichapisha kazini: maandishi ya Martin Luther ya mwaka 1542 ya kuwafariji wanawake ambao uzazi wao uliharibika. Sikuwa nimejua kwamba Luther aliandika kitu kama hicho. Sikuwa nimejua pia kwamba binti yake Elisabeth alikufa mwaka 1528 kabla hajatimiza miezi minane, na kwamba mwaka uleule wa 1542 alimzika Magdalena, mwenye miaka 13.

Luther anasema mambo mawili niliyoyapigia mstari. La kwanza, kwamba kuugua kwa moyo wa mama, hata kama hakukupata maneno, Mungu amekusikia kama sala. La pili linahusu wavulana wa Israeli waliokufa kabla ya siku ya nane, siku ya kutahiriwa. Nani atathubutu kusema kwamba wote hao walipotea?

Siku ya nane ilinikumbusha Daudi. Niliisoma tena Samweli wa Pili, sura ya 12, palepale kwenye simu. Mtoto wa Daudi na Bathsheba anaugua, baba analala chini na kukataa chakula, na siku ya saba mtoto anakufa. Kama siku hizo zinahesabiwa tangu kuzaliwa, alikosa siku moja tu. Hana jina. Watumishi wanaogopa kumwambia mfalme. Yeye anawaona wananong'onezana, anaelewa, anainuka, anaoga, anabadili nguo, anakula, na anapoulizwa anajibu kwamba mtoto hatarudi kwake, ila yeye ndiye atakayemwendea mtoto. Hasemi pindo. Hasemi adhabu nyepesi. Anasema kama mtu anayeijua njia ya kwenda huko.

Sura hiyo ina mengine yanayonikera na sitayafunika. Mtoto anakufa kwa kosa la baba, na Bathsheba hapewi neno hata moja la kusema katika msiba wake mwenyewe. Kuna siku naisoma kwa faraja na siku naisoma kwa hasira. Sijaona sababu ya kuchagua.

Wakati nasoma, mama aliyepandia Morogoro alikuwa kiti cha pembeni yangu. Amevaa baibui, miguuni ana kapu la maembe, mtu wa kama miaka hamsini na tano hivi. Tangu Gairo alikuwa anasinzia. Tulipoanza kushuka mlima Sekenke alizinduka, akanitazama.

"Mwanangu, unasoma nini kinachokuliza hivyo?"

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu alikuwa anashukia Nzega na tusingeonana tena. Nilimwambia yote, wiki 30, siku tatu, Jumamosi. Nikangoja swali nililolizoea.

"Alipozaliwa," akasema, "alilia?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nilikuwa nyuma ya pazia la kijani, mwili umekufa ganzi kuanzia kifuani kwenda chini, na nikasikia sauti nyembamba sana, kama mlango wa kabati unaohitaji mafuta. Daktari akasema, "Mmemsikia?" Nilikuwa nimeisahau sauti hiyo. Sio kuisahau; hakuna aliyekuwa ameihitaji.

"Ndiyo," nikamwambia. "Alilia."

"Basi ni mtu kamili huyo. Kwetu akishalia anapewa jina, anaoshwa, anavishwa sanda, anaswaliwa. Anarithi na kurithiwa."

"Anarithi?"

"Anarithi. Hata kama ameishi saa moja."

Nikacheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kwa sababu nilifikiria angerithi nini kwetu: deni la mkopo wa chuo na shelfu ya vitabu vya mitumba. Mama yule akacheka pia, ingawa sikumwambia ninachocheka. Kisha akanisimulia habari za Ibrahimu, mtoto wa Mtume Muhammad, aliyefariki hajafika miaka miwili. Mtume alimpakata akalia machozi mbele ya watu, hata wapo walioshangaa. Siku hiyo jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume akawakatalia. Akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mungu na havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote.

Habari hiyo nimeibeba mpaka leo. Jumamosi ile jua lilichomoza kama kawaida juu ya paa la jengo la wagonjwa wa nje, wauza vitumbua wakapanga meza zao getini, na mimi niliuchukia utaratibu huo wote. Kumbe kuna baba aliyepewa jua lililopatwa kabisa, lake peke yake, akalirudisha.

Kabla ya Nzega nilimuuliza: na wale ambao hawakulia je?

Alikaa kimya, akawa anapanga maembe kapuni ambayo yalikuwa yamepangika tayari. "Hao wanazuoni wana maneno mengi," akasema. Basi lilikuwa linapunguza mwendo. "Wangu wa pili hakulia. Mimi nilimpa jina hivyohivyo." Akanipa embe mbili, akashuka.

Wiki hiyo nilikwenda Muleba kumhoji mkunga mstaafu, bibi wa miaka zaidi ya themanini aliyefundishwa kazi na watawa. Ndiyo kazi yangu, kuuliza maswali yaliyoandikwa kabla: ulianza lini, mlikuwa wangapi, vifaa gani. Nilikuwa najua kutoka vitabuni kwamba Kanisa Katoliki linamruhusu mtu yeyote kubatiza penye hatari ya kifo. Mtaguso wa Firenze mwaka 1439 ulikwishaorodhesha: akikosekana padri, basi shemasi, akikosekana shemasi, basi mlei, hata mwanamke, hata mpagani. Hilo "hata mwanamke" lilinipa kicheko nilipolikuta, ukizingatia ni nani huwepo mtoto anapozaliwa. Kwa hiyo nikamuuliza mkunga, kwa ajili ya tasnifu, kama alikuwa akibatiza.

Alikuwa akibatiza. Alikuwa na kikombe maalumu cha bati, hakinywewi chai. Wakati mwingine mtoto alizaliwa amekwishakufa, au alikufa huku yeye anazuia damu ya mama, na hakuna mkono wa tatu.

"Sasa mama akiuliza?" nikasema. "Akiuliza kama mtoto amebatizwa?"

"Wote waliuliza."

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia nimembatiza."

"Wote?"

Alinitazama kwa muda. Kinasa sauti changu kilikuwa kinaendelea, taa nyekundu inawaka. "Wote," akasema. "Andika hivyo."

Nimeandika hivyo, sura ya tatu, na msimamizi wangu ameweka alama ya kuuliza pembeni. Anataka nifafanue kama shahidi alimaanisha aliwabatiza wote au aliwaambia wote. Nimeiacha sentensi kama alivyoisema.

Safari ya tatu ilikuwa Desemba. Nilikuwa nimeshakwenda makaburini na mume wangu, mara moja, nikaoneshwa: cha nne ukianzia kwenye mwarobaini. Kanisani nilikuwa nakwenda pia. Watu hudhani baada ya jambo kama hili mtu ama anaacha imani ama inakuwa imara, kama chuma. Yangu ilikuwa kama jino linalouma. Ulimi hauachi kulirudia. Niliimba nyimbo, nikapokea komunyo, lakini walipobatizwa watoto Jumapili ya pili ya mwezi, nilitoka nje na kusimama kwenye kivuli cha mnara wa kengele mpaka waishe. Watoto wale hulia sana wakimwagiwa maji. Unawasikia hata ukiwa nje.

Safari hiyo nilibeba waraka wa Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Vatikani, uliotolewa mwaka 2007 kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, kuhusu tumaini la wokovu kwa watoto wachanga wanaokufa bila ubatizo. Ni waraka mrefu, wa tahadhari, ulioandikwa na watu wanaopima kila kiunganishi. Unakiri kwamba Augustino na waliomfuata walifundisha walivyofundisha. Unasema limbo haikuwa kamwe fundisho rasmi la imani, ni dhana ya wanateolojia tu. Unahitimisha kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hao wataokolewa na kumwona Mungu. Sababu za kutumaini, wanasisitiza, sio uhakika. Nilifika mwisho alfajiri, tukiingia Biharamulo, ukungu umelala juu ya migomba. Nilikuwa nimetegemea kulia. Badala yake nilijiuliza: wale wa katikati je? Kati ya Augustino na mwaka 2007 kuna karne kumi na tano na ushei za akina mama.

Mmoja wao alikuwa ananisubiri nyumbani, na sikujua.

Bibi yangu amezaliwa kabla ya Vita Kuu ya Pili kwisha. Anaishi kwenye kibanja chake nje kidogo ya Bukoba, anapika mwenyewe, na anatafuna kahawa kila jioni kama dawa. Siku ya pili baada ya kufika nilikuwa namsaidia kumenya ndizi, akasema kwa Kihaya, bila kuinua macho, kwamba mama amemwambia siongei juu ya mtoto. Nikasema sina cha kuongea. Akasema yeye anacho.

Mwaka wa Uhuru, mwaka mmoja baada ya Askofu Rugambwa kufanywa Kadinali, alijifungua mtoto wa kiume kabla ya mama yangu. Aliishi usiku mmoja. Mvua ilikuwa imekata daraja, hakuna aliyefika. Asubuhi babu alikwenda kwa katekista, akarudi peke yake. Makaburi ya parokia yalikuwa ya waliobatizwa. Babu akachimba mwenyewe, jioni, nyuma ya jiko.

Nilikuwa nimeishi likizo zangu zote za utotoni kwenye kibanja kile. Nimecheza kombolela nyuma ya jiko lile.

Mwanahistoria aliyemo ndani yangu ndiye aliyejibu kwanza, na ninamshukuru kwa sababu yule mwingine hakuwa na sauti. Nikamweleza Bibi kwamba katekista hakujitungia. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 1239, iliwakataza wasiobatizwa kuzikwa kikanisa. Sheria mpya ya mwaka 1983, kanuni ya 1183, inamruhusu askofu kukubali mazishi ya Kikristo kwa mtoto ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza. Kukusudia kunatosha. Miaka 22 baada ya mtoto wake. Kisha nikamweleza waraka wa Roma, Papa, tumaini.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisu hakikusimama.

"Kwa hiyo," akasema, "na wao sasa wamejua."

"Wamejua nini, Bibi?"

"Kwamba yuko kwa Ruhanga." Akachukua ndizi nyingine. "Mimi nimekuwa nikimtaja kwenye rozari tangu asubuhi ile. Ulidhani nangoja barua?"

Hatukusema kitu kwa muda. Kuku alikuja akaiba ganda, akafukuzwa. Baadaye alinionesha mahali. Mgomba uliopandwa na babu ulikwishakufa zamani, kama migomba yote inavyokufa ikishazaa, na mwanawe pia, na mjukuu wake. Shina limekuwa likisogea kidogo kidogo miaka yote hiyo, na sasa liko hatua tatu au nne kutoka ulipokuwa. Lakini pale penyewe panajulikana. Hapalimwi. Kuna majani laini yaliyofyekwa kwa mkono. Nikiwa mdogo nilidhani ni mahali pa kuanikia kahawa.

Tuliporudi jikoni akanawa mikono, akakaa, akasema nimsomee barua hiyo ya Roma. Nikamwambia ni ndefu na ni ya Kiingereza. Akasema jioni nayo ni ndefu. Kwa hiyo nikatoa makaratasi, nikaanza kutafsiri papo hapo kwenda Kihaya, Kihaya changu cha likizo, nikikwama na kuombea maneno. Alinisahihisha mara kwa mara. Sentensi chache mbele nikafika kwenye neno limbo nikasimama, kwa sababu sikuwa na Kihaya chake. Nikajaribu kuzunguka: ni mahali, Bibi, pembeni, sio motoni lakini na mbinguni pia sio, kama pindo la nguo.

"Nani yuko hapo?"

"Watoto. Walisema watoto."

Akaweka kahawa mdomoni, akaitafuna polepole.

"Hilo liruke," akasema. "Endelea mbele."

Nikaliruka. Linajirudia karibu kila ukurasa, na kila nilipolifikia nililiruka, mpaka giza likaingia na sikuweza tena kuona maandishi.